Ngwe Iliyolimwa Mara Moja

Kot.

Kulikuwa bado giza niliposikia ubao wa pointi ukilia ukutani. Ni sauti ndogo, kama punje ya hindi inayodondoka kwenye sahani ya bati: kigae kimoja cha namba kinaanguka, kingine kinakaa mahali pake. Kila ngwe inayokamilika, kot. Siku za Mbio nyumba zote za Kisangeni huilalia na kuiamkia sauti hiyo. Nilijifunika blanketi hadi masikioni, nikawa nahesabu kama mtu anayehesabu kuku wake. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Ndipo nikakumbuka kwamba sanduku langu la hesabu nililizima jana.

Niliamka nikapapasa hadi kona ya jikoni, nikaweka kiganja juu ya mfuniko. Baridi kama jiwe la mtoni. Mawingu yalikuwa yamefunika paneli siku mbili mfululizo, betri ikaisha, nikachomoa waya mwenyewe. Tangawizi niliyoitandaza kwenye ungo juu yake ilikuwa bado na maji. Feni kimya. Lakini ubao una betri yake ndogo kama ya saa ya mkononi, na hupokea namba kutoka hewani. Wenyewe haukujua habari za mawingu.

Kot. Arobaini.

Kuna mtu alikuwa ananilimia. Nilitabasamu pale gizani, siwezi kudanganya. Nilidhani ni wema.

Saa kumi na mbili redio ya kata ilitangaza. "Timu Ukungu ya Kisangeni, ngwe elfu sita mia mbili na tatu! Timu Jua ya Mvureni, elfu tano mia tisa na kumi! Na nyumba iliyong'ara leo ni ya Bibi Navoneiwa, mwenye miaka sabini na moja!" Halafu wakamweka hewani kapteni wa Jua, Sauda Mgonja, mwanamke mwenye sauti ya mashine ya kusaga. "Hongera Bibi," akasema. "Ila waambie wenzako waanze kuchagua maharage. Sisi hatupendi makande yenye mawe."

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa bado nimeshika ule mfuniko wa baridi.

Tunaziita ngwe. Ofisi ya Mlima ina jina refu kwa vile vipande vya hesabu, lakini siku walipoleta masanduku, miaka kumi na mmoja iliyopita, mtaalamu wao alitueleza hivi: mlima umegawanywa vipande, kila kipande ukubwa wa uwanja wa mpira. Kila nyumba itapewa kipande, na sanduku litakinyeshea mvua elfu moja za kubuni, kubwa kwa ndogo, kisha litasema udongo umeachia mara ngapi. Mzee mmoja akasema, "Basi ni ngwe hizo," na yule mtaalamu akaliandika neno hilo kwenye daftari lake na kulitumia tangu siku ile. Nilimpenda kwa hilo.

Hatulipwi. Tunatoa nguvu ya sanduku wakati hatulitumii, na joto lake linatukaushia tangawizi vuli, jua linapotukimbia. Majibu yanakwenda Ofisini, na kutoka Ofisini yanakwenda kwenye taa zilizosimikwa kila kitongoji kilicho chini ya mteremko. Chini ya mara hamsini kwa elfu, taa ni ya kijani, watu wanalala. Zaidi ya mia tatu, nyekundu, watu wanahama.

Mbio zilianza baadaye, Ofisi ilipoona masanduku mengi yanalala bure. Siku kumi na nne kila vuli, sisi huku juu na wenzetu wa chini. Wanaoshindwa wanawapikia washindi makande na kusimama kuwapakulia. Zawadi ni hiyo tu. Lakini mwaka wa kwanza kazi ilizidi mara mbili, wa pili mara tatu. Watu wazima walipanda juu ya mabati na vitambaa kufuta paneli. Wengine walizima hata taa ya chumbani ili sanduku lisinyimwe.

*

Asubuhi ileile nilikwenda kwa Eliamani, kapteni wetu. Ni fundi redio, mwenye miaka kama arobaini, na kicheko chake hutangulia kabla hajafungua mlango.

"Shikamoo, bingwa wa kata!"

"Marahaba, mwanangu. Ubingwa wangu umetoka wapi? Sanduku langu limelala tangu jana."

"Nilitaka ushtuke tu, Bibi, usiulize."

"Basi nimeshtuka, na ninauliza."

Akanikaribisha kiti. Chumba chake kilikuwa cha moto kama bafu la mgonjwa. Sanduku lake lilikuwa mezani limezungushiwa magunia ya tangawizi pande tatu, feni inalia kama nyuki waliochokozwa.

"Mwaka huu tunakwenda kasi mno," alisema. "Ofisi imeishiwa na nyumba za kugawia. Zamani ngwe moja ilikwenda nyumba mbili, moja huku, moja Mvureni. Sasa ngwe inaletwa kwangu, na hiyohiyo inaletwa kwako. Ngwe moja, Bibi, inalimwa mara mbili! Umewahi kuona watu wenye akili wanalima ngwe moja mara mbili?"

"Shambani, hapana."

"Basi. Na nani akimaliza ya kwake anakaa kumtazama mwenzake? Unaingia, unammalizia. Nikaandika programu ndogo. Sanduku langu likimaliza, jibu linakwenda kwa kila mwenye ngwe hiyo kwenye timu yetu. Anapata pointi, anachukua nyingine. Ni msaragambo tu, Bibi. Ile kazi ya pamoja ya siku zote."

Alisema hivyo akiwa na furaha, kama mtu aliyekuletea kuni bila kuombwa. Nami najua msaragambo wake. Mwaka alipofariki mume wangu, niliporudi shambani baada ya matanga niliikuta ngwe yangu imelimwa, mawe yamepangwa kwenye kingo. Hakuna aliyejitaja. Nilikuja kujua baada ya misimu miwili kuwa ni Eliamani, na aliyeniambia ni mkewe, kwa bahati mbaya.

Lakini nilikuwa mpima kwenye kiwanda cha tangawizi kwa miaka kumi na tisa. Kila gunia tulilipima wawili, kila mtu na mizani yake, na wa pili haruhusiwi kuona alichoandika wa kwanza. Siku moja mwenzangu alikuwa mjamzito na mgongo unamuuma, nikamnong'oneza namba zangu asihangaike kuinama. Chini ya mizani yangu kulikuwa na kokoto. Magunia mia mbili yalirudi. Msimamizi hakutupigia kelele. Aliiweka ile kokoto mezani, akatuacha tuitazame.

"Eliamani, ngwe hizi zinalimwa mara mbili kwa sababu mmoja anaweza kukosea."

"Sanduku halikosei."

Nilisogeza mkono kwenye sanduku lake. Sikuweza kuligusa.

"Umelifanya nini?"

"Nimelikaza kidogo. Linakwenda kasi mara mbili ya yenu."

"Likichemka namna hii, halirukiruki hatua?"

Akaanza kupanga bisibisi zake kwa urefu.

"Na ngwe za uso wa Mvureni," nikamuuliza, "zimo kwenye hizo ulizotumalizia?"

"Zimo."

"Ngapi?"

"Ishirini na tisa." Sasa kicheko kilikuwa kimekwisha. "Bibi, sheria unaijua. Timu iliyochezea majibu inakatwa, hailetewi ngwe misimu miwili. Tangawizi yote iliyo kwenye nyungo leo itaoza. Na mimi..." Akaiacha hapo. "Majibu ni sahihi. Naomba usinitafutie ubaya."

Hakuwahi kusema nami kwa sauti ile. Hata hivyo nilipoinuka aliwahi kunishikia mlango, maana una kizingiti kirefu na goti langu analijua.

*

Mawingu yalipasuka saa mbili. Nililitoa sanduku langu hadi kizingitini, nikaondoa ungo, nikafungua mfuniko ili lipate hewa. Ngwe mojawapo ya zile nilizopewa pointi bila jasho ilikuwa bado imo ndani, haijaguswa. Namba yake ilikuwa 7316. Kwenye ramani ni mteremko unaoning'inia juu ya Mvureni, na chini yake kuna nyumba mia moja na arobaini, pamoja na shule.

Nikaliambia sanduku liilime.

Ilichukua saa saba. Sanduku langu ni la zamani, halina haraka. Nilikaa karibu nalo nikichambua mboga, nikiinua kitambaa cha kivuli kila jua liliposogea. Kwenye ungo jikoni tangawizi ilianza kutoa ile harufu ya siki. Sikuwa na joto la kuipa.

Jibu la Eliamani kwa 7316 lilikuwa kumi na mbili kwa elfu.

Saa tisa alasiri langu lilitoka. Mia sita na arobaini.

Nilisoma namba hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili namba yoyote. Nilitamani mtambo wangu uwe ndio mbovu. Ni kweli, namba mbili zikipishana hazisemi nani mkosaji. Zinasema tu kwamba kuna kokoto mahali. Kama kosa lilikuwa langu, nikinyamaza hakuna kitakachoharibika. Kama ni la Eliamani, watu mia kadhaa wanalala chini ya taa ya kijani isiyo na haki ya kuwa kijani, na redio imesema mvua kubwa inaingia keshokutwa.

Na upande wa pili alikuwepo mtu mmoja ambaye angefukuzwa, aliyenilimia bila kujitaja. Pamoja naye nyumba zote za Kisangeni, vuli mbili bila joto. Nilijaribu kupima, nikaona siwezi kuvipima kwenye mizani moja.

Ofisi haisikilizi maneno. Inapokea majibu tu. Ngwe iliyokwisha kufungwa hufunguliwa na nyumba ya tatu, na nyumba hiyo iwe ya timu nyingine. Niliijua sheria hiyo vizuri, na nilijua nyumba ya tatu iko wapi.

Lakini kwanza nilitaka wenzangu waseme wenyewe.

*

Tulikutana ghalani jioni ileile, saa kumi na moja. Watu walikuja wakiimba, maana tulikuwa tunaongoza. Niliposimama walinipigia makofi, bingwa wa siku. Nikawaeleza, jibu langu likiwa kwenye flashi mkononi. Makofi yalikufa moja moja.

"Kwa hiyo unataka tujishtaki," alisema Mama Kihedu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Nataka tuombe ngwe ishirini na tisa zilimwe upya. Kabla ya mvua."

"Na tukikatwa? Nina nyungo kumi na nne, Bibi. Nizianike kwenye paji lako la uso?"

Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha kunihurumia.

"Wamemwahidi sahani ya makande kule chini," akasema mwingine nyuma. "Bibi wa watu ana njaa."

"Mtambo wa kizee, mwenyewe mzee, wanataka kutufundisha hesabu!"

Nilimtazama Eliamani. Nilidhani atasema walau neno moja. Alisimama, akatazama mihimili ya paa. "Sanduku la Bibi ni katika yale ya kwanza kuletwa," alisema. "Nimelifungua mara tatu mwaka huu. Mimi nisingeamini jibu lake."

Alikuwa amelifungua mara tatu kweli, kulifuta vumbi, na hakutaka hata chai.

"Eliamani," nikasema, "uliponishikia mlango asubuhi, hukuwa na uhakika."

"Kaa chini, Bibi."

"Sema tu kama una uhakika."

"Kaa chini!"

Kwetu hatumfokei mtu mzima hivyo. Yeye mwenyewe alishtuka. Lakini Mama Kihedu akaingilia, na sauti yake ilitosha watu wote.

"Nisikilize, mama. Ukishuka Mvureni na hiyo flashi yako, usihesabu tena msaragambo wa Kisangeni. Usilimiwe, usitekewe maji. Na ukifiwa, uzike mwenyewe."

Hakuna aliyempinga. Neno kama hilo likitamkwa na mtu mmoja, huwa kuna mwingine wa kusema "Mama, hapo umepita kiasi." Jioni ile hakuwepo.

Manyunyu yalianza nikiwa njiani. Nilikumbuka nyungo nyingine nilizozianika uani, nikaharakisha kadiri goti lilivyoruhusu. Nilipofika nilimkuta Mama Kihedu anatoka mlangoni kwangu, kanga imelowa mabegani.

"Nimeingiza nyungo zako," alisema bila kunitazama. "Usidhani nimekusamehe."

*

Kulipokucha nilishuka. Njia ya miguu ni saa mbili kwa mtu mzima wa afya, kwangu ilikuwa tatu na nusu. Flashi nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nyumba nilizopita zilikuwa na watu milangoni, na hakuna aliyesema "safari njema".

Sauda alikuwa kwenye mashine yake ya kusaga, kichwa cheupe kwa unga. Aliponiona akazima mota.

"Ukungu umeshuka hadi huku?" akasema. "Umekuja kuchungulia, Bibi, au kujisalimisha?"

"Nimekuja kuomba nyumba ya tatu."

Akaangua kicheko, watu waliokuja kusaga nao wakacheka. "Mmeona, jamani? Wanatuongoza kwa ngwe mia tatu, bado wanataka na masanduku yetu wayatumie! Rudi kamwambie Eliamani ajaribu kutuma mtu anayeweza kukimbia."

Nilikaa kwenye gunia la pumba, nikafungua pindo, nikamweleza yote. Programu, sanduku lililochemka, kumi na mbili, mia sita na arobaini. Sikulificha jina lolote, kwa sababu kuficha jina kungekuwa uongo mwingine. Kadiri nilivyosema, uso wake ulikuwa unabadilika, lakini haukuwa unalainika.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "hii taa yetu. Tangu lini ni ya uongo?"

"Huenda siku nne. Huenda si ya uongo. Ndiyo maana nimekuja."

"Siku nne wanangu wamelala hapo." Alinyoosha kidole kuelekea nyumba yenye bati la bluu, na juu yake mlima, mweusi, ukitiririka maji. "Siku nne nimewatania kwenye redio. Nanyi mlikuwa mnacheka."

"Mimi nilicheka, ndiyo."

Alinipokonya flashi. Akawapigia simu wenzake saba, nao wakasimamisha kazi zao katikati, pointi zao wakaziacha zianguke. Wakazigawana zile mvua elfu moja, kila sanduku mia na ishirini na tano, mifuniko wazi, kasi ya kawaida. Hawakuniuliza kama nimekula. Lakini Sauda alivua kanga yake kavu ya kiunoni akanitupia mapajani, kwa nguvu, kama mtu anayetupa jiwe.

"Jifute. Na usinishukuru. Kama ningekuwa na nafasi ningekupiga makofi."

Majibu yalirudi moja moja, naye akawa anaandika kwa chaki kwenye mlango wa mashine. Sabini na tisa. Themanini na mbili. Sabini na saba. Nilikuwa naomba yawe madogo. Themanini na moja. Alipojumlisha alirudia mara mbili, kisha akasogea pembeni ili watu waone.

Mia sita na arobaini.

Akabonyeza, jibu likaenda Ofisini. Hatukungoja sana. Taa iliyokuwa juu ya nguzo ya shule ilizimika kabisa, na kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu hadi tano Mvureni haikuwa na rangi yoyote. Kisha ikawaka nyekundu.

Watu hawakupiga kelele kama nilivyodhani. Walianza kutoa magodoro. Watoto wa shule walipangwa mistari, ng'ombe wakafunguliwa. Habari ilienda mbele yangu nyumba kwa nyumba, na kila nilipopita nilisikia ikisemwa nyuma yangu. Mwanamume aliyebeba mama yake mgongoni alisimama, akanitemea mate miguuni. "Kwa ajili ya makande," alisema. Kisha akaendelea kupanda ng'ambo ya bonde, na yule mama mgongoni mwake akageuza shingo akaniangalia muda mrefu. Sijui aliona nini.

*

Kisangeni ilikatwa siku ileile saa nane. Nilikuwa bado njiani napanda. Wanasema mbao zote za pointi zilirudi sifuri kwa pamoja, vigae vikianguka nyumba hadi nyumba kama mvua ya mawe, halafu hakuna tena. Masanduku yalibaki yanawaka, lakini hakuna ngwe iliyoingia, na sanduku lisilo na kazi halitoi joto.

Mvua kubwa ilinyesha siku nane. Tangawizi ilioza kwenye nyungo ikatiwa mashimoni kwa koleo.

Na mlima haukuanguka.

Juu ya Mvureni palitokea ufa, upana wa kiganja cha mtu mzima. Lakini mlima ulisimama. Watu wa Mvureni walikaa ng'ambo kwenye mahema na mabanda ya kanisa, wakikohoa, taa ikiwa bado nyekundu juu ya nyumba tupu. Baadhi yao walianza kusema wanataka kurudi. Huku juu waliuita "mlima wa Bibi". "Umeamkaje mlima wa Bibi?" "Umeamka salama, haujambo kuliko sisi!" Nikipita kisimani ndoo ziliondolewa kwenye foleni, nikaachiwa bomba peke yangu, nisishukuru mtu. Nilichota taratibu.

Eliamani aliondolewa ukapteni na Ofisi ikalifungia jina lake. Waliokuwa wakimwimbia walimpita kama wanavyonipita mimi. Mkewe alikwenda kwao kwa muda. Nilisikia hafungui mlango.

Nikaenda. Siku ya kwanza nilibisha, nikasubiri, nikarudi. Siku ya pili alisema kupitia dirisha, "Umekuja kuona ulivyonifanya?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Umeshasalimia."

Siku ya tatu nilikaa kwenye kizingiti chake. Alikuwa upande wa pili wa mlango, nilisikia anavyopumua. Akasema, "Mlima umesimama, Bibi."

"Umesimama."

"Kwa hiyo umeniua bure."

Nilimwambia kweli, kwamba sijui. Kwamba mvua mia sita na arobaini kati ya elfu si elfu nzima, na huenda zilizonyesha ni katika zile nyingine. Kwamba ningekuwa na njia ya kuwatoa watu kule bila kumgusa yeye ningeipita, hata kama ni ya mwaka mzima. Niliondoka goti likiwa limekufa ganzi.

Siku ya nne mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa hajanyoa. Magunia hayakuwepo tena. Sanduku lake lilikuwa peke yake katikati ya meza, waya wa antena umeng'olewa, feni inavuma polepole kama mtu aliyelala vizuri. Aliniondolea kiti shati lililokuwa juu yake.

"Nimelilegeza," alisema. "Kasi ileile lililokuja nayo. Nikazirudia."

"Zipi?"

"Zote ishirini na tisa. Hazimfikii mtu yeyote, nimekatwa. Nilizirudia tu." Alitazama mikono yake. "Ile yako nimeirudia mara nne. Nilikuwa natafuta kosa lako, Bibi. Nilitaka nilipate ili nije kulitangaza ghalani."

Nikasogeza kiti karibu na meza.

"Mia sita na arobaini," alisema. "Mara nne zote. Na nyingine si afadhali. Ishirini na sita ni nyekundu."

Nje mtu alipita akiburuza jembe kwenye mawe.

"Wale wa Mvureni wanataka kurudi nyumbani," akasema. "Jumatatu, nasikia. Wanasema taa ni hasira ya Ofisi tu, kwamba ni ugomvi wetu sisi na wao. Kama nitakaa kimya watarudi."

"Huenda."

"Mimi wataniamini. Ni mimi niliyesema iko salama." Alicheka kidogo, kicheko kibovu. "Kesho baada ya ibada nitasimama huku, niwaambie wetu. Halafu nitashuka nikawaambie na wao. Wakinipiga, wanipige."

"Wanaweza kukupiga."

"Najua. Ulitemewa mate, nimesikia."

Sikumwambia kuwa litakuwa jambo jepesi. Maneno ya kumfurahisha alikuwa ameshaambiwa ya kutosha. Nilimsaidia kukunja lile shati, kwa sababu lilikuwa limebaki mkononi mwake na hakuonekana kujua alifanyie nini. Kisha nikasimama, kwa maana jua lilikuwa linaondoka na njia ina utelezi.

Alinifuata hadi mlangoni. Hakunishika mkono, alisimama tu nyuma yangu hadi nikavuka kizingiti.

"Bibi."

"Naam, mwanangu."

"Jumatatu nitakuwa nimesharudi. Nikirudi." Alikuna ndevu, akaangalia pembeni. "Usije mapema. Lakini uje."